Dawa Inayoondoa Uvimbe

Jilore, Malindi
4 Februari 1985

Kwa Daktari Zipporah Maghanga,

Shikamoo. Mimi ni Kadii Baya, dada yake Garama, yule mtoto wa uvimbe wa taya katika wadi ya watoto kule Kilifi. Huenda hunikumbuki kwa sababu sikusema sana. Ulinipa kazi ya kuwafasiria kina mama Kigiriama, na kila uliponitazama mimi nilitazama miguu yangu. Kwa barua naona nitaweza zaidi.

Nakuandikia kukushukuru. Garama ana uso tena. Uliporudi Nairobi baada ya sindano yake ya pili, uvimbe ulikuwa umebaki kama ndimu. Sasa hata hiyo ndimu haipo. Meno yaliyokuwa yakicheza yamesimama, anatafuna mahindi ya kuchoma, na kila mgeni anayefika hapa huonyeshwa lile taya kama anavyoonyeshwa ndama mpya. Nywele tu ndizo zimemtoka zote. Wenzake wanamwita Mzee. Yeye anaitika na kuwaambia, "Basi nileteeni kiti."

Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama Jumapili akatoa shukrani mbele ya watu. Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya yetu mzaa baba, alilishika taya la mjukuu wake wakati wote wa ibada, kama mtu anayeogopa lisije likaanguka.

Baba anauliza: ikiwa mtoto amepona hivi, ni lazima arudi kwa zile sindano nne zilizobaki? Njia ni mbali, na sindano zenyewe zinamtapisha sana. Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo na kulima na mama.

Wako mtiifu,
Kadii Baya


Nairobi
16 Februari 1985

Kadii mwanangu,

Marahaba. Nakukumbuka vizuri sana. Wafasiri wengi huongeza maneno yao. Wewe hukuongeza hata moja.

Mwambie baba hivi, polepole, kama ulivyokuwa ukiwaambia wale kina mama. Uvimbe ni ile sehemu ya ugonjwa inayoonekana. Hii ni saratani ya chembe nyeupe za damu, nayo hukua upesi kuliko saratani yoyote ninayoijua. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ikiigusa huyeyuka upesi. Uso unarudi, watu wanafurahi, mtoto anapelekwa nyumbani. Lakini chembe chache zikibaki mwilini, zitajaa tena, na safari ya pili huwa hazisikii dawa. Kwa hiyo ndiyo, sindano zote nne ni lazima. Sista Mapenzi wa wadini Kilifi anayo dawa yake na anamngoja tarehe 25 mwezi huu.

Uliniuliza siku moja, kwa sauti ambayo karibu nisiisikie, nafanya nini na vichupa vya damu. Miaka saba sasa nauliza swali moja: kwa nini watoto wa pwani na wa kando ya ziwa, penye malaria nyingi, ndio wanaopata uvimbe huu, na wa kwetu milimani Taita kwa nadra sana? Naamini jibu limo katika damu. Sijalipata. Naketi kwenye hadubini mpaka macho yanatoa machozi, kisha naandika kwamba sijalipata.

Yale maji niliyoyatoa mgongoni mwa Garama siku ya mwisho bado nayachunguza. Nitakuandikia.

Mlete, Kadii.

Zipporah Maghanga


Jilore
10 Machi 1985

Kwa Daktari Zipporah,

Shikamoo. Hatukwenda Kilifi. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimekosa pa kuanzia, kwa hiyo nimeanza na hilo.

Niliwasomea barua yako wote wakiwa wameketi. Hawe akaniuliza, "Huo ugonjwa uliobaki uko wapi?"

"Ndani ya damu, Hawe."

"Wewe umeuona?"

"Daktari ameuona, kwa hadubini."

"Basi aliyeuona autoe huko huko alikouona."

Watu walicheka. Hata Baba alicheka, na mimi nikaikunja barua. Nyumbani mimi si mtu wa kujibu.

Sasa nitakueleza jambo, na naomba usitucheke. Hawe alikwenda kwa mganga kuuliza ugonjwa ulitoka wapi. Akaambiwa ni koma, yaani mzee wetu aliyekwisha kufa. Babu yetu, ambaye mtoto alirithi kwake jina la Garama, alikuwa na ndugu jina lake Kambi, aliyekufa kijana, na mpaka leo hapana mtoto aliyepewa jina lake. Ndiye aliyekuwa akibisha hodi katika taya la mtoto. Basi mbuzi alichinjwa, na ndugu yangu akapewa jina la Kambi. Tena, ili ugonjwa ukirudi kumtafuta Garama usimkute, amehamishwa. Anaishi kwa jamaa yetu, mbali na hapa. Jina la zamani halitajwi tena na yeyote. Nimekatazwa kukuambia alipo, kwa sababu vichupa vyako vyote vimeandikwa jina lile.

Usidhani Baba hasomi Biblia. Nilipomwuliza, alisema, "Hata Abramu alibadilishwa jina, na Mungu hakukasirika."

Mtoto mwenyewe alikwenda akiimba. Aliniambia, "Dada, sasa niko wawili."

Sijui nani asemaye kweli. Nikikusoma wewe nakuamini wewe. Nikimtazama mtoto, namwamini Hawe.

Ulisema utaniandikia juu ya maji ya mgongo. Je, yalikuwa mazuri?

Wako mtiifu,
Kadii Baya


Nairobi
23 Machi 1985

Kadii,

Sikucheka. Nami nilizaliwa kijijini na najua kwa nini bibi yako amefanya hivyo: anampenda. Lakini ugonjwa huu hautafuti mtu kwa jina. Hautoki nje kuja kumtafuta, umo ndani yake, amehama nao.

Amekosa sindano ya tatu na sasa ya nne inapita. Wewe ndiye uliyesoma katika nyumba hiyo. Wewe ndiye uliyewaona wale watoto wa vitanda vya dirishani walioletwa wamechelewa. Najua kwamba kusema mbele ya watu kwako ni kazi ngumu. Nakuomba uifanye hata hivyo. Wasipokusikia, mfuate huko aliko na umpeleke mwenyewe.

Maji yale usiyahangaikie. Hiyo ni kazi yangu.

Zipporah Maghanga


Jilore
19 Aprili 1985

Kwa Daktari Zipporah,

Shikamoo. Pole kwa kuchelewa. Mvua imeanza na Mwalimu anayetuletea barua kutoka Malindi hakuweza kupita.

Nilijaribu kusema. Nilingoja Baba amalize kula, nikasema maneno matatu, kisha nikakusanya sahani. Mama ndiye aliyenihurumia. Alisema, "Nenda ukamwone, roho yako itulie," akanipa unga nipeleke. Kwa hiyo nimemwona, na kwa kuwa nimemwona kwa macho yangu, nitakuambia ni wapi: yuko Matsangoni, kwa mjomba wetu.

Daktari, ni mzima. Nakuandikia nikiwa na furaha. Nywele zimeota, laini kama za mtoto mchanga. Taya ni sawa na lile jingine, nimelipapasa mwenyewe pande zote mbili na hakuna kitu. Amejifunza kupanda mkorosho na amepata rafiki kila boma. Tena amekuwa mtundu! Amejifunza kukonyeza. Anakukonyeza wakati wote, jicho moja limefumba, jingine liko wazi linakutazama, hata anapolala hulifumba moja tu. Mkaza mjomba anasema ni ujanja wa kulinda korosho zake zisiibiwe. Watoto wanamwigiza na hawawezi kama yeye. Akinywa uji humwagika upande mmoja wa mdomo, nao wanamcheka, "Kambi anavuja! Kambi anavuja!" Yeye anacheka zaidi yao, mdomo umekwenda upande.

Labda Hawe alijua jambo ambalo sisi hatulijui. Nasema labda.

Matokeo yametoka. Nimefaulu, daraja la pili, na alama yangu nzuri kabisa ni ya bayolojia.

Wako,
Kadii


SIMU YA MAANDISHI
NAIROBI, 27 APRILI 1985
KWA KADII BAYA, JILORE, KUPITIA POSTA MALINDI

JICHO SI MCHEZO. UGONJWA UMEFIKA KICHWANI. MPELEKE KILIFI LEO. SISTA AMEAMBIWA. ZIPPORAH


Wadi ya watoto, Kilifi
12 Mei 1985

Daktari,

Simu yako ilikaa posta mpaka barabara ya Jilore ilipopitika. Nilipoisoma nilikwenda moja kwa moja uani alikokuwa Hawe akipepeta mahindi, pamoja na wanawake wa jirani. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Hawe, unamuua." Ungo ulimtoka mikononi. Sikungoja.

Kule Matsangoni sikubisha hodi. Nilisimama kiwanjani nikaita, "Garama!" Mkaza mjomba alijiziba mdomo. Nikaita tena, "Garama, toka, twende Kilifi."

Mjomba alisema, "Kadii, umelitaja."

"Nimelitaja."

"Basi likikaa juu yako usije kunililia."

Hakutoka kwa miguu yake, Daktari. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemtoa akiwa amembeba mgongoni. Miguu ilikuwa imekwisha kulegea tangu Jumapili, nao walidhani ameanguka kutoka kwenye mkorosho.

Amepata sindano mbili za mkononi, na tatu za mgongoni. Za mgongoni tunamshika watu wanne. Mimi nashika kichwa. Hapo kwanza alikuwa akilia. Sasa anavumilia, na hilo naliona baya zaidi. Jana aliposikia gari la dawa linasukumwa alininong'oneza, "Dada, niite lile jina jingine. Sista akija na sindano asinipate."

Nikamwita Kambi. Sista akampata.

Hawe alikuja na Baba. Baba aliingia akaomba. Hawe alisimama mlangoni, hakuvuka. Mtoto alimwona akasema, "Hawe, njoo tuondoke." Alimwambia hivyo mara nyingi. Hawe alinitazama mimi. Baadaye niliambiwa aliketi nje chini ya ukuta mpaka jua lilipozama, ndipo wakaenda zao.

Anataka nyumbani. Namwambia ngoja upone. Sista Mapenzi ananiambia nisimwahidi vitu.

Utakuja lini? Sasa jicho halioni.

Kadii


Nairobi
5 Juni 1985

Kadii mpenzi,

Sista Mapenzi alinipigia simu siku ile ile mtoto alipotutoka. Pole. Wape pole baba na mama, na bibi pia. Nilikuwa nimekwisha kupata ruhusa ya kuja, nilichelewa.

Nimeandika karatasi nyingi juu ya ugonjwa huu na hakuna hata sentensi moja humo inayonisaidia kukuandikia wewe. Laiti angeletwa Februari. Laiti zile sindano zote zingepatikana kwa wakati wake. Lakini wewe ulifanya kila ulichoweza, na zaidi ya watu wazima waliokuzunguka.

Nina jambo jingine, na huenda si wakati wake, ila sitaki lipotee. Mradi wetu unataka mtu wa kukaa wadini Kilifi, anayejua Kigiriama na Kiswahili kizuri, awaeleze wazazi ugonjwa huu na umuhimu wa kurudi. Nimelitaja jina lako. Ungeanza Agosti. Wazazi watakusikiliza wewe kuliko mimi, kwa kuwa yamekupata.

Fikiria.

Wako katika msiba,
Zipporah


Jilore
20 Juni 1985

Kwa Daktari Zipporah,

Shikamoo. Tumepokea pole zako. Tulimzika hapa nyumbani. Mchungaji alisoma, kisha wazee wakafanya yao, na kila upande ulimwita kwa jina lake, mchungaji Garama, wazee Kambi.

Watu hapa wanasema ugonjwa ulikuwa umepotea njia, nami nikauita kwa sauti mpaka ukamwona. Hawanitukani. Wananipa nafasi tu kisimani, nachota peke yangu. Hawe hasemi nami. Nikimpelekea chakula hukiacha hapo mpaka mtu mwingine akichukue na kumpa upya.

Haya yote ningeyabeba, kwa sababu nilijua niko upande wa kweli. Lakini siku tulipokwenda kumchukua, Sista Mapenzi alinikumbatia na kusema, "Usijilaumu wala usimlaumu bibi yako. Maji ya mgongo wake yalikuwa mabaya tangu Januari. Daktari aliponiandikia mwezi wa pili, alisema huyu hatabaki." Alidhani najua. Alipouona uso wangu akaanza kukunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Nauliza kwa heshima, Daktari, na kwa kuwa naandika, naweza kuuliza: ulijua?

Maana kama ulijua, nilimwambia Hawe anamuua, na hakuwa anamuua. Nilimtoa mtoto kwenye korosho zake na rafiki zake. Nilimshika kichwa. Aliomba nyumbani nami nikamwambia ngoja upone. Na wewe katika barua yako unasema tena, laiti Februari.

Kadii Baya


Nairobi
4 Julai 1985

Kadii,

Ni kweli. Nilijua.

Chembe zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye maji ya mgongo kabla sijaondoka Kilifi. Niliziona wiki ile ile niliyokuandikia kwamba bado nachunguza. Nimewatibu watoto kadhaa wa hali hiyo, na hakuna aliyeumaliza mwaka. Nilitaka yeye awe wa kwanza. Kila mmoja wao nilitaka awe wa kwanza.

Kama ningekuambia, je, ungemleta? Mimi nilifikiri hungemleta, na asipoletwa hapana hata ile nafasi ndogo, na mimi sitajua kamwe kama dawa ya mgongoni ingefaa. Sasa najua kwamba haikufaa kwake. Sitakuficha kwamba nilitaka kujua hilo pia.

Lile neno la Februari lilitoka kwa mazoea. Ndilo ninalowaandikia wote.

Ile kazi bado ipo. Sitakulaumu ukiikataa.

Zipporah


Jilore
28 Julai 1985

Kwa Daktari Zipporah,

Shikamoo. Barua yako niliisoma peke yangu, sikumfasiria mtu. Nilitaka kumsomea Hawe, nikafika mpaka mlangoni pake. Nikafikiri: nikimwambia kwamba hakumuua, itabidi nimwambie pia kwamba mbuzi na jina na kuhama kwake havikumsaidia kitu, na kwamba lile taya alilolishika kanisani lilikuwa halijapona. Nikarudi. Amezeeka sana tangu Mei.

Juu ya kazi nilikuwa sijaamua. Baba alisema, "Nenda, hapa wanakuogopa." Nikasema nitakuandikia mwisho wa mwezi.

Jana alikuja mwanamke kutoka ng'ambo ya mto Sabaki, anaitwa Harusi, amembeba mtoto wa kike wa miaka mitano hivi. Uvimbe uko kushoto, jicho limeanza kusukumwa juu. Alikuwa amesikia kwamba nyumba hii ilimpeleka mtoto Kilifi na uso ukarudi. Hakuwa amesikia yaliyofuata, au labda alisikia akachagua. Watu wetu walipoona anakuja kwangu waliingia ndani.

Nilimpa maji. Mtoto aliweka kidole mdomoni akanionyesha jino linalocheza. Alifurahi kwamba linacheza, alidhani anakua.

Mama yake akaniuliza, "Dada, iko dawa?"

Nikasema, "Iko."

"Inafanya kazi?"

Nikasema, "Inaondoa uvimbe. Kwa siku chache tu unaondoka wote."

Alifurahi, akaniombea baraka, akamfunga mtoto mgongoni upya. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kuuliza njia, akageuka.

"Halafu?"

Sijui maji ya mgongo wa mtoto huyo yakoje, Daktari. Huenda ni safi. Huenda huyu ndiye wa kwanza wako. Nilikuwa na maneno mengi, yako na ya Hawe na ya Sista, na kwa Kigiriama nayajua yote. Nilitazama miguu yangu.

Alingoja kidogo, akashukuru tena, akaenda. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye njia panda. Sikuona kama alishika njia ya Malindi, iendayo Kilifi, au ya kurudi kwao.

Kadii Baya